Kuku Anapokataa Kutoka Kiotani

Leo tutasoma juu ya jambo ambalo kila mwenye kuku amelikuta, lakini ni wachache waliopata kuelezwa sababu yake.

Kuku jike ametaga mayai 10 au 12. Jana alitaga, akatetea, akatoka kwenda kula. Leo hatoki. Ukimkaribia anavimbisha manyoya kama mtu aliyejifunika blanketi. Ukitia mkono anadonoa. Ukimtoa kwa nguvu na kumweka uani, anazunguka mara moja, anakunya kinyesi kikubwa chenye harufu kali, anakula haraka haraka, halafu huyoo, amerudi kiotani. Hata ukiyachukua mayai yote, ataatamia udongo mtupu. Wako waliomkuta kuku akiatamia jiwe.

"Kuku huyu amekuwa mkaidi," husema mmoja. "Mvivu tu, hatagi tena, mchinjeni," husema mwingine. Na wako wanaonong'ona kwamba kuna mkono wa mtu hapo. Basi kuku mzuri, pengine mama bora kuliko wote bandani, anaishia chunguni kwa kosa ambalo si lake. Nyumba imepoteza vifaranga 10 kwa mlo wa siku moja.

Kuku huyo si mkaidi wala hakurogwa. Amepewa amri, na amri hiyo imetoka ndani ya mwili wake mwenyewe. Tukiijua amri hiyo inaanzaje na inakatwa wapi, tunaweza kuamua sisi: huyu aatamie, yule arudi kutaga.

AMRI INAYOTEMBEA KATIKA DAMU

Kwanza tujifunze neno moja jipya: homoni. Liandike katika daftari lako. Homoni ni kitu kinachotengenezwa na mwili wenyewe katika viungo vidogo viitwavyo tezi. Tezi humwaga homoni katika damu, na damu huipeleka kila mahali.

Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, na kijiji kizima huisikia. Lakini si kila mtu huinuka. Wakiitwa wenye mashamba ya bondeni, wenye mashamba ya bondeni ndio watakaotoka. Homoni nayo ni hivyo hivyo. Inapita mwili mzima, lakini viungo vinavyohusika tu ndivyo vinavyoitika.

Watu walianza kulielewa jambo hili kwa kumchunguza jogoo. Wafugaji walijua tangu zamani kwamba jogoo akihasiwa, upanga wake mwekundu wa kichwani husinyaa, hawiki kama wenzake, hapigani, na majike hawamshughulishi. Lakini korodani za jogoo haziko nje kama za beberu. Ziko ndani, karibu na uti wa mgongo. Zinawezaje kuliamuru koo liwike?

Mwaka 1849, katika mji wa Göttingen huko Ujerumani, mwalimu wa chuo kikuu aitwaye Arnold Berthold alichukua majogoo wachanga 6. Wawili aliwahasi kabisa. Wanne wengine kila mmoja alibaki na korodani moja, lakini haikuwa mahali pake. Iliwekwa tumboni, na wawili kati yao walibadilishiwa, huyu akapewa ya mwenzake. Wale wawili waliohasiwa wakawa wapole, upanga mdogo, sauti hamna. Wale wanne wakakua majogoo kamili, wakawika, wakapigana, wakafuata majike. Korodani ilikuwa imehama, lakini jogoo alibaki jogoo. Berthold akaona kwamba amri haikupita katika mshipa wa fahamu wa pale mahali, maana mshipa huo ulikwisha katwa. Ilipita katika damu.

Neno "homoni" lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1905, kutoka kwa Ernest Starling wa London. Alilitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya kuchochea. Ndiyo maana vitabu vingine vya Kiswahili huziita homoni vichocheo.

KUKU AKIKAA JUU YA MAYAI KUNA NINI?

Chini ya ubongo wa kuku kuna tezi ndogo kuliko punje ya mahindi. Wakati wa kutaga, tezi hiyo hutuma homoni zinazokwenda kwenye kifuko cha mayai, na viini huiva kimoja baada ya kingine. Mayai yanaongezeka kiotani. Kuku anakaa juu yake kwa muda mrefu zaidi kila siku. Ngozi ya tumbo lake, ambayo wakati huo manyoya yamepungua na damu imejaa, inagusana na mayai. Habari ya mguso huo inakwenda kwenye ubongo, na tezi ile inaanza kumwaga homoni nyingine iitwayo prolaktini.

Prolaktini ikizidi, kutaga kunasimama. Kifuko cha mayai kinasinyaa. Hamu ya chakula inapungua, na kuku anaweza kutoka mara moja tu kwa siku. Hamu ya kukaa inaongezeka. Na kwa kuwa anakaa, anaguswa na mayai. Na kwa kuwa anaguswa, prolaktini inazidi. Na kwa kuwa prolaktini imezidi, anakaa. Ni duara. Ukitaka kumkatisha kuku kuatamia, kata duara hilo mahali pa mguso na joto la kiota. Kumpiga hakusaidii kitu, maana fimbo haifiki kwenye tezi.

Oscar Riddle na wenzake huko Marekani ndio walioipa homoni hii jina, mwaka 1933. Miaka miwili baadaye walitangaza kwamba kuku waliokuwa wakitaga, wakidungwa sindano ya prolaktini, waliacha kutaga wakaanza kuatamia.

Akina mama watapenda kujua kwamba prolaktini iko pia katika mwili wa binadamu. Ndiyo inayofanya maziwa yatengenezwe. Mtoto anaponyonya, mguso wa mdomo wake hupeleka habari kwenye ubongo wa mama, kama vile mguso wa mayai unavyopeleka habari kwenye ubongo wa kuku. Na kama kuku anayeatamia asivyotaga, mama anayenyonyesha usiku na mchana mara nyingi huchelewa kurudi katika siku zake. Lakini jamani, hilo lisichukuliwe kuwa uzazi wa mpango wa kutegemewa bila kumwona muuguzi. Wengi wamejikuta na mimba juu ya mtoto mchanga.

TUPIGE HESABU

Chukua kalamu. Kuku wa kienyeji hutaga mayai kama 12 kwa wiki 3. Huatamia siku 21, yaani wiki 3. Akiachwa alee vifaranga mpaka awafukuze mwenyewe, tuseme wiki 11. Jumla ni 3 + 3 + 11 = wiki 17. Mwaka una wiki 52. Gawanya 52 kwa 17: unapata 3, inabaki wiki 1. Kwa hiyo kuku huyo ana mizunguko 3 kwa mwaka, na 3 x 12 ni mayai 36.

Sasa tuseme vifaranga umewatenga na mama yao wakiwa na wiki 4, ukawapa joto na chakula chao. Hapo ni 3 + 3 + 4, na umwongezee mama wiki 2 za kupata nguvu. Jumla wiki 12. Mizunguko 4 kwa mwaka, mayai 48. Na kuku ambaye hukumwachia aatamie kabisa? Wiki 3 za kutaga, na kama wiki 3 nyingine za kumkatisha na kungoja aanze tena. Jumla 6. Mizunguko 8, mayai 96.

Hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kuku hasomi hesabu zetu. Akila vibaya, au akiwa mzee, au jua likiwa kali mno, hatafika huko. Lakini unaona mwenyewe muda mwingi unakwenda wapi: kwenye kulea.

Je, tuwakatishe kuku wote? Hapana. Nani atatuletea vifaranga? Mwenye kuku majike 5 achague 2 walio mama wazuri, wasiovunja mayai wala kukimbia kiota. Hao waatamie. Wale 3 wengine wakatishwe, warudi kutaga. Mayai yao mapya, yasiyozidi siku 7 hadi 10 tangu kutagwa, yawekwe chini ya wale 2, kila mmoja mayai 10 hadi 13 kwa kadiri ya ukubwa wake. Waanze siku moja ili vifaranga waanguliwe siku moja. Siku ya saba washa tochi ya simu gizani, weka yai juu ya mwanga. Lenye mishipa kama mizizi lina uhai. Lililo jeupe tupu halina kifaranga, litoe, maana litakuwa viza na linachukua nafasi.

Mama anayeatamia awekewe maji na nafaka karibu. Kiota kipuliziwe majivu makavu, kwa sababu chawa na utitiri hupenda sana kuku asiyetembea, na kuku aliyezidiwa na wadudu ataacha mayai hata kama prolaktini imejaa. Na vifaranga hao wote ni bure kama hukuchanja kideri. Chanjo ya tone la jicho hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Mwulize afisa mifugo wa kata.

KUMKATISHA KUKU BILA KUMTESA

Watu wengine humchovya kuku katika ndoo ya maji. Maji humpoza kwa muda, akikauka anarudi kiotani. Wengine humfunga mguu akashinda juani bila chakula. Hayo ni mateso, tena ni hasara, maana kuku aliyekonda atachelewa zaidi kutaga.

Njia nzuri ni tenga. Chukua tenga la kubebea kuku, lenye nafasi kati ya fito, usiweke nyasi ndani. Litundike kwenye tawi au kwenye boriti, mahali pa kivuli penye mwanga na upepo. Mweke kuku humo na kopo la maji na chakula cha kutosha. Upepo unapita chini ya tumbo lake. Hakuna yai, hakuna joto la kiota, hakuna giza. Ubongo haupati habari tena, na prolaktini inashuka. Siku 3 au 4 kwa kawaida zinatosha. Mfungulie jioni umwangalie: akienda kulala na wenzake juu ya kichanja, amekatika. Akikimbilia kiota, mrudishe siku 2 nyingine. Aliyeshikwa siku ya kwanza anakatika upesi. Aliyekwisha kaa wiki 2 ni mgumu. Baada ya wiki 2 au 3 ataanza kutaga.

Jambo moja zaidi. Kuku anayeatamia atapokea vifaranga wa mwenzake ukimwingizia usiku chini ya mbawa. Kuku ambaye homoni hiyo haimo katika damu yake atawadonoa wafe. Kwa hiyo usichague yaya kwa ukubwa wa mwili. Chagua aliye tayari.

KWA NINI KUKU WA KISASA HAATAMII?

Wako wanaonunua kuku weupe wa mayai, aina ya Leghorn, wakangoja waatamie. Watangoja sana. Kuku huyo hutaga zaidi ya mayai 250 kwa mwaka akitunzwa vizuri, na ni nadra kumwona akikaa. Kwa vizazi vingi wafugaji walichagua wale wasioatamia, wakazalisha hao tu. Tezi anayo na prolaktini anayo, lakini amri ya kuatamia haiamki kwa urahisi. Machotara wengi wanaouzwa siku hizi vijijini wako katikati: wengine hawaatamii kabisa, wengine hukaa siku tano wakachoka. Ukiwaweka hao, usiwamalize kuku wako wa kienyeji. Vifaranga utawapata wapi, labda kwa fedha kila mwaka.

NANI HUPIGA MBIU YA KWANZA?

Kule Ulaya ndege hufuata mwanga. London, mwezi wa Desemba, mchana ni wa saa 8 tu. Mwezi wa Juni ni saa 16 na zaidi. Mchana ukirefuka, ubongo wa ndege hupata habari, na tezi huanza kazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Ufaransa, Jacques Benoit, alionyesha kwamba hata bata wasioona hupata habari hiyo, kwa sababu mwanga hupenya fuvu ukafika kwenye ubongo wenyewe. Ndiyo sababu kwenye mabanda makubwa ya kuku wa mayai taa huwashwa, ili mwanga ufike saa 14 hadi 16 kwa siku.

Kwetu karibu na Ikweta mchana na usiku hautofautiani sana mwaka mzima. Ndege wetu wengi husikiliza mvua na chakula. Angalia kuku wako baada ya mavuno, wakati mtama umemwagika uani, utaona wanataga. Angalia wakati wa njaa, utaona wamenyamaza.

Kanga anaonyesha jambo hili waziwazi. Huyu ni ndege wa porini aliyekubali kukaa nyumbani kwa mguu mmoja. Mvua zikianza, madume huanza kukimbizana na kila mmoja hujitafutia jike, na majike huenda kuficha mayai majanini, pengine majike kadhaa kiota kimoja. Kiangazi hatagi. Ukimfungia bandani anaweza kutaga, lakini mara nyingi hakai, au anakaa kisha anaacha. Na hata akitotoa huko majanini, huwapitisha watoto kwenye umande asubuhi, wakalowa wakafa. Bora mayai yake apewe kuku. Huanguliwa kwa siku 26 hadi 28. Kuku hatahesabu kwamba zile 21 zimepita. Maadamu mayai yapo na yanamgusa, amri inaendelea.

Bata wetu wa kijijini, yule mwenye nyama nyekundu usoni, ni kinyume cha kanga. Huyu ni mwatamiaji hodari, hujing'oa manyoya laini ya kifua akatandika kiota, akakaa siku 35. Ukitaka kumwongezea mayai ya kuku, usiyaweke siku moja na ya kwake. Piga hesabu: 35 kutoa 21 ni 14. Yaweke siku ya kumi na nne, wataanguliwa pamoja.

Njiwa ndiye wa ajabu. Mayai ni 2 tu, siku 17 au 18, na dume huatamia. Tazama kiota cha njiwa saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri, mara nyingi utamkuta baba. Jike huchukua jioni na usiku. Wote wawili prolaktini hupanda katika damu, na wote wawili hutengeneza kitu kama maziwa mazito katika kile kifuko cha chakula kilichoko chini ya shingo. Kinda hulishwa hayo siku za mwanzo. Riddle alipokuwa akiitafuta prolaktini, aliipimia hapo hapo, kwenye kifuko cha njiwa. Basi usimchinje njiwa dume wiki ambayo makinda yametoka. Umemchinja aliyekuwa ananyonyesha. (Akina baba darasani watakuwa na la kusema hapa.)

NA KASUKU JE?

Pwani na mijini, na hata vijijini humu, wapo wanaofuga kasuku. Swali lao ni moja: "Alikuwa mpole, anakaa begani, anaita majina ya watoto. Sasa anapiga kelele, anauma wageni, anajing'oa manyoya. Amepatwa na nini?"

Mara nyingi amefika umri wa kuzaa. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo na Uganda huishi wawili wawili. Jike huatamia karibu siku 30 ndani ya shimo la mti, na dume humletea chakula na kumcheulia mdomoni. Kasuku aliyelelewa peke yake na watu hana mwenzi, kwa hiyo humchagua mtu mmoja wa nyumbani awe mwenzi wake. Akikucheulia chakula mkononi si ugonjwa wa tumbo, anakulisha. Akimwuma mkeo au mumeo, anamfukuza mgeni.

Nasi tunamchochea bila kujua. Kumpapasa mgongo na chini ya mbawa kwake ni jambo la mwenzi. Mguse kichwa tu. Sanduku au chungu chenye giza kwake ni shimo la mti, kiondoe. Taa na redio mpaka usiku wa manane humrefushia mchana. Mfunike saa 12 za usiku mahali pa kimya. Punguza ubwabwa wa moto na vyakula laini kila saa, mpe vijiti na maganda atafune. Usimpige wala usimfokee. Akiendelea kujing'oa manyoya mwonyeshe daktari wa mifugo, kwa sababu upweke, wadudu na chakula kibaya navyo huleta hilo.

Hata kasuku hawafanani. Wale wadogo wa Australia, wanaouzwa wengi katika vizimba, kwao hungoja mvua wakati wowote inyeshapo. Kasuku wa kijani wa Amerika ya Kusini, dume, wakati wake ukifika hutanua mkia, mboni za macho zikawa zinapanuka na kusinyaa, na hapo usitie kidole. Iko aina moja ya New Guinea na kaskazini ya Australia ambayo jike anaweza kulinda shimo lake la mti hadi miezi 11 kwa mwaka, huku madume kadhaa wakimlisha.

Na sisi Watanzania tunao wetu, kasuku wadogo ambao wengine huwaita cherero. Yule mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na mdomo mwekundu anakaa kusini ya Ziwa Viktoria mpaka Serengeti. Yule mwenye kichwa cheusi na shingo ya manjano anaonekana Dodoma na Iringa. Jike wa hawa ndiye mwenye nyumba. Wakati wake ukifika huchana maganda ya miti, na akiwa kizimbani huchana karatasi yoyote, hata barua yako. Anaweza kutaga bila dume.

Huyu wetu wa Serengeti hubeba vipande vya kujengea mdomoni, kimoja kimoja. Ndugu yake wa Namibia huvichomeka katika manyoya ya kiunoni akaruka navyo, kama mama aliyejifunga khanga yenye mafundo. Mtaalamu wa Marekani, William Dilger, aliwazalisha aina hizo mbili pamoja, akaandika habari zao mwaka 1962. Machotara walipofika umri wa kujenga walichanganyikiwa. Walichana vizuri, wakajaribu kuchomeka, vipande vikaanguka. Iliwachukua kama miaka mitatu kujifunza kubeba kwa mdomo, na hata hapo bado waligeuza kichwa nyuma kabla ya kuruka. Homoni iliwaambia "jengeni", lakini namna ya kujenga waliirithi nusu kwa baba, nusu kwa mama.

Msikamate kasuku porini kwa ajili ya kufuga au kuuza. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata bila kibali, na tangu mwaka 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku, kwa sababu walikuwa wanakwisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuku wa jirani ameatamia jiwe kwa siku 6. Jirani anataka kumchinja. Utamweleza nini kwanza?

2. Una bata anayeatamia tangu tarehe 1 Machi. Unataka kumwongezea mayai ya kuku. Utayaweka tarehe ngapi, na wote wataanguliwa tarehe ngapi?

3. Nyumbani kwako kuna majike mangapi? Wangapi wanaatamia leo, wangapi wanataga, wangapi wanalea? Andika majina au rangi zao katika daftari, uandike na tarehe, ulete darasani wiki ijayo.